Yule Anayeonja Kwanza

Navakholo, Jumamosi mchana

Nekesa mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi ukitoka, kwa hivyo sizirudii. Umeenda Lurambi kumuaga shangazi yako, nami namjua dada yangu: hatakuachilia kabla hujamaliza ingokho, kuku mzima, na kuombewa mara tatu. Basi mchana wote ni wangu. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, nimeegesha mlango ili kuku wasiingie, nimechukua daftari lako la Kijerumani lenye kurasa tupu kule nyuma, na mistari yangu inapanda na kushuka. Usiseme ni uzee. Nina miaka hamsini na miwili, na juzi nilibeba gunia la mahindi kutoka sokoni mpaka hapa bila kupumzika.

Nilipumzika mara mbili. Leo nataka kuandika ukweli, na nimeona nianze na ule mdogo.

Ukweli wa pili ni kwamba ninaogopa. Mimi Makokha, ambaye watu wa steji ya bodaboda wanaamini nilimkaba chatu kwa mikono mitupu kwenye msitu wa Kakamega, nimekaa hapa nikiogopa kesho kama mtoto anayengoja sindano. Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kupiga simu ukifika, sitayagusa. Shangazi yako ameyaandika kwenye karatasi na atakusomea kwa sauti kama matangazo ya kanisa. Mimi niliishia darasa la saba, na ndege nimeiona kutoka chini tu. Kuhusu safari sina la kukufundisha. Ninachokijua ni pombe, na wewe unaenda Ujerumani miaka mitatu kujifunza kutengeneza divai, mahali ambapo pombe ndiyo shamba na ndiyo shule.

Unakumbuka siku uliponionyesha picha ya kwanza kwenye simu? Nilidhani ni ukuta.

"Baba Mdogo, geuza simu, umeishika vibaya."

"Nimeishika sawa. Hili ni jengo gani?"

"Si jengo. Ni shamba."

Nikaangalia tena, na ndipo hofu ilianza. Mlima umesimama wima, mto Mosel umejikunja huko chini kama nyoka aliyeshiba, na juu ya mlima huo watu wamepanda mizabibu, kila mmoja umefungwa kwenye mti wake, matawi yamekunjwa yakarudi chini pande zote mbili mpaka mmea una umbo la moyo, ule moyo mnaochoranga kwenye kadi. Nikakuuliza udongo uko wapi. Ukasema hayo mawe meusi bapa ndiyo udongo. Sasa mimi nimelima tangu nikiwa na meno ya maziwa, na sijaona mtu akipanda kitu juu ya vigae vilivyovunjika. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba Wajerumani wamechanganyikiwa. Moyoni nilikuwa nasema: mtoto huyu akiteleza hapo, nani atamwokota?

Lakini wewe una subira ya baba yako. Jioni baada ya jioni ulinieleza, mpaka nikaanza kungojea maelezo yako kuliko taarifa ya habari. Ulisema kule ni baridi kiasi kwamba zabibu ziko pembeni kabisa mwa mahali zinapoweza kuishi. Ukizisogeza upande wa pili wa mlima, haziivi, basi. Ndiyo maana wanapanda pale palipo wima, panapotazama jua uso kwa uso. Mawe meusi yanakunywa jua mchana, na jua likishuka yanalirudisha polepole kwa mizizi, kama jiko la mkaa linaloendelea kuwa na joto baada ya chakula kuiva. Mto nao unaurusha mwanga juu mara ya pili. Asubuhi ukungu unapanda kutoka majini na kufunika kila kitu, na watu wanafanya kazi humo wakiitana kwa sauti.

Hata hivyo hawana uhakika. Mwaka mzima wanaogopa. Majira yao ya kuchipua yakianza, baridi inaweza kurudi siku moja tu na kuunguza machipukizi yote, na kuna watu huwasha mishumaa mikubwa kati ya mizabibu ili kuyakinga. Hiyo ilinishika sana. Kwetu ukiona moto kwenye shamba la miwa unajua kuna mtu anataka kuharibu, au ana haraka. Kule moto unawashwa ili kitu kiendelee kuishi.

Ukasema pia kuhusu ladha. Kwamba divai ya nchi za joto ni nzito, tamu, inakupanda kichwani upesi, lakini ya bonde lile ni nyepesi, ina uchachu wa tunda ambalo jua halikulifanyia haraka, na nyuma ya uchachu huo kuna harufu ya jiwe lililonyeshewa. Nikakucheka. "Jiwe lina harufu gani?" Sikukwambia kwamba kesho yake, mvua ilipokatika, nilitoka nje, nikainama pale kwenye jiwe la mlangoni tunapofutia matope, nikanusa. Jirani alipita akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta msumari.

Lina harufu, Nekesa. Miaka yote hii nimelikanyaga na sikujua.

Basi nikaanza kulipenda hilo bonde, na mimi nikipenda kitu sijui kunyamaza. Niliwaambia watu wa steji kwamba mlima huo ni mkali hivi kwamba mbuzi wa kule huzaliwa na miguu mifupi upande mmoja.

"Na akigeuka kurudi nyumbani?" akauliza yule kijana wa pikipiki nyekundu.

"Harudi. Anazunguka mlima wote mpaka anafika nyumbani kwa upande wa pili."

"Mzee Makokha, na Nekesa naye ataota mguu mfupi?"

Wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, halafu nikaondoka kabla ya wengine. Usiku huo nilikuuliza kama viatu ulivyopewa vina meno chini.

Lakini ninachoogopa si mlima. Mlima ni kitu cha kusema mbele za watu.

Ngoja nikukumbushe siku ile yule mama mwenye shamba unakoenda alikupigia simu ya video. Ulikuwa umeiegesha simu kwenye kopo la chumvi, hapa hapa, na mimi nimekaa kando nimevaa koti la harusi. Mwanamke mwenye nywele nyeupe, mikono kama ya mkulima yeyote wa Navakholo, kucha zina udongo. Nilimpenda kwa kucha hizo. Alikuwa ndani ya chumba chao cha chini ya ardhi, na pumzi yake ilikuwa inaonekana kwa baridi. Akachota divai kidogo kutoka kwenye pipa, akaizungusha kwenye glasi, akainusa, akaitia mdomoni, akaisukutua kama dawa ya meno. Halafu akaitema kwenye ndoo.

"Ametema!" nikasema. "Nekesa, ametema pombe yake mwenyewe!"

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Baba Mdogo, wanaonja tu. Akimeza kila kikombe atafikaje jioni?"

Nikakwambia, "Muulize basi, nani anakunywaga wa kwanza? Kabla ya wageni, kabla ya wanunuzi?"

Ukamuuliza kwa Kijerumani chako kile kinachonifanya nitake kuita majirani waje kusikia. Yule mama akanitazama mimi, si wewe. Akajibu neno refu, nawe ukatafsiri: "Anasema ni yeye. Anasema hakuna tone linalotoka humu ambalo hajalionja yeye kwanza. Na likiwa bado, analiacha lingoje, hata kama ni mwaka."

Ndipo nikasimama nikatoka nje. Nilikwambia nimekwamwa na mfupa wa omena. Omena ni dagaa tu, haina mfupa wa kumkwama mtu mzima. Nilienda nyuma ya choo nikalia, mwanangu, nikiwa na koti la harusi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimesimama mara moja kunywa maji, nimekaa tena.

Wakati ule mimi na baba yako tulikuwa kwenye kambi ya wakata miwa, upande wa Mayoni. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, uko hapa na mama yako. Baba yako, Wesonga, alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne na alikuwa mkimya. Yeye alikata miwa, mimi niliongea. Huo ndio ulikuwa mgawanyo wetu wa kazi. Watu walimheshimu yeye na kunicheka mimi, na wote wawili tuliona ni sawa.

Kando ya kazi nilikuwa napika chang'aa, ile pombe kali ya magendo, kwa molasi ya kiwandani, chini kule kwenye kijito. Sijawahi kukwambia hilo. Nimekwambia niliwahi kuwa fundi wa mitambo kiwandani, niliwahi kuendesha trekta lililokatika breki kutoka kilimani mpaka sokoni bila kugonga hata kuku, lakini hilo la chang'aa sijakwambia. Nilikuwa mpishi mbaya. Tatizo langu lilikuwa haraka. Molasi inataka siku zake za kuchacha kabla haijapikwa, na yule anayejua kazi huziacha siku hizo zipite.

Ilikuwa majira ya mvua, baridi imeingia mpaka kwenye mapipa, na molasi ilikataa kuamka. Na mimi nilikuwa nimeshatangaza kambi nzima, kwa mdomo huu, kwamba wakimaliza lile shamba kubwa, Jumamosi Makokha atawanywesha kitu ambacho hakijawahi kupikwa magharibi yote ya Kenya. Ijumaa nikafunua pipa, nikaona limelala kama maziwa ya jana. Nililipiga teke.

Uliponieleza kwamba kule Mosel divai huchacha polepole kwenye baridi ya chini ya ardhi, wiki kwa wiki, mpaka Krismasi inapita, na kwamba wanaishukuru baridi hiyo kwa sababu ndiyo inayotunza harufu ya tunda, ulidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimefumba macho nikiliona lile pipa. Baridi ile ile! Wao wanakaa kando yake wanangoja. Mimi nilitafuta jerikeni.

Dereva wa lori, mtu ambaye hata jina sikumuuliza, alinipa spiriti. Akasema nichanganye na hiyo pombe changa, hakuna atakayejua. Sikuuliza ni spiriti ya kazi gani. Ilinuka kali, na wakati huo nilijua jambo moja tu kuhusu pombe, kwamba ikiwa kali ni nzuri, basi nikaichanganya.

Sasa wewe umekulia nyumba isiyo na pombe, kwa hivyo huenda hujawahi kuona. Kwetu, tangu enzi za busaa, pombe ya nafaka ya mtungi na mirija mirefu, mwenye pombe ndiye huonja kwanza mbele ya wageni. Anameza, anakaa kidogo, wanamtazama. Ndiyo namna ya kusema: mimi na ninyi tumo ndani ya kitu kimoja. Mwenyeji asipoonja, mgeni mwenye akili anaweka mrija chini na kuuliza habari za ng'ombe mpaka muda wa kwenda ufike. Hata kwenye kambi ile ya watu wa kutoka kila mahali, hakuna aliyevunja hilo.

Jumamosi saa tisa mchana watu wakakaa, kumi na wanne, masizi ya miwa bado usoni. Nikachota kikombe cha kwanza cha bati. Na badala ya kunywa, nikaanza hadithi ya chatu.

"Makokha, onja tuendelee, koo zimekauka!"

"Ngoja, chatu bado hajafungua mdomo."

"Huyo chatu jana alikuwa mita nne," akasema mwingine. "Leo amefika sita. Kesho mkia utakuwa Mumias."

Wakaanguka kwa kicheko, na mimi nikiona watu wanacheka nasahau hata jina langu. Nikapanda juu ya gogo, kikombe mkononi, nikaonyesha jinsi nilivyomkaba. Baba yako alikuwa amekaa karibu na mguu wangu. Akanyoosha mkono.

"Lete hapa," akasema. "Wewe maliza chatu wako. Mimi nitakuonjea."

Nikampa.

Sikusita, Nekesa. Ndilo jambo ninaloliona kila siku. Si kwamba nilijua. Mungu anajua sikujua. Lakini kikombe kilikuwa changu, na nilikitoa mkononi kama mtu anayetoa kofia, kwa sababu nilikuwa nimefika mahali pazuri pa hadithi.

Akanywa. Akapangusa mdomo. "Inachoma," akasema, kwangu tu, kwa sauti ya chini. Nami nikawageukia watu: "Mmesikia? Inachoma!" Wakashangilia. Akaona nimefurahi, akachota cha pili akanywa pia, ili mtu asije akadhani pombe ya mdogo wake ina kasoro. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Halafu mbingu zikapasuka. Radi ilipiga mti wa mkaratusi ng'ambo ya kijito, tukauona ukigawanyika, na mvua ikashuka kama imemwagwa. Kila mtu akakimbilia kibanda chake kabla hajaonja. Mvua hiyo iliokoa watu kumi na wanne, na mimi ndani yao.

Asubuhi, saa tatu, jua limeingia mpaka kitandani kwa baba yako, akaniuliza, "Makokha, mbona hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mlango ulikuwa wazi. Niliona mwanga umemkaa usoni, machoni mwake hauingii.

"Basi washa taa," akasema.

Nikamwambia, "Mafuta yameisha."

Huo ndio ulikuwa uwongo wangu wa kwanza kuhusu kifo cha baba yako, na yeye mwenyewe alikuwa bado hai kuusikia. Nadhani alijua. Tulimpakia kwenye trela la trekta kumpeleka hospitali, nimekishika kichwa chake, na kabla hatujafika barabara ya lami hakukuwa na haja tena ya kwenda mbio.

Nilipomleta hapa, watu wakauliza. Nikafungua mdomo na radi ikatoka. Huku kwetu nani atabisha radi? Kila mwaka inachukua mtu. Na mti nilikuwa nimeuona ukipasuka kwa macho yangu, kwa hivyo hadithi ilikuwa na kuni zake za kutosha. Kadiri miaka ilivyokwenda niliipamba: baba yako alikuwa anakimbia kumwokoa mkata miwa mwingine, radi ikamkuta katikati ya shamba, panga lake likayeyuka. Hakuna panga lililoyeyuka. Panga lake liko juu ya dari, nimelificha kwa sababu ni zima.

Mama yako hakuamini. Aliuangalia mwili, hakuona hata unywele ulioungua. Alikaa nami kwenye boma hili miaka miwili bila kuniuliza, na alipopata wa kumwoa kule Busia, na wazee wakasema mtoto abaki kwa watu wa baba yake, alinisimamisha pale mlangoni. "Makokha," akasema, "siku moja utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo huo huo. Mimi sitakusaidia." Hajanisaidia mpaka leo, na nimekuja kuona kwamba alinifanyia heshima.

Ulipokuwa darasa la sita ulirudi unalia kwamba mtoto fulani amesema baba yako aliuawa na pombe. Nikachukua jembe nikaenda kwao nikapiga kelele mpaka kuku wakapanda miti. Nilirudi kama shujaa, ukanipikia obusuma, ugali wako wa kwanza kabisa, mbichi katikati, nikaumaliza wote. Mtoto yule alikuwa amesema kweli. Kama unalikumbuka jina lake, siku moja umsalimie kwa ajili yangu.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni meza hii. Tangu ukiwa mdogo, ngurumo ikianza tu, ulikuwa unaingia chini yake. Ulikaa hapo umeziba masikio, unatetemeka, na mimi nilikuwa napiga magoti, nakuimbia, nakwambia radi haiwezi kuingia penye watu wawili. Hata mwaka jana, msichana wa miaka ishirini, niliona jinsi ulivyoacha sufuria na kukaa chini ngurumo ilipopiga. Hofu hiyo nilikupa mimi. Nilikupa hofu isiyo yako ili nisikupe iliyo yako. Miaka kumi na minane umeogopa mbingu, na haijakufanyia lolote. Na kile kilichomchukua baba yako unaenda kwacho ukitabasamu, umekaza masomo, hujui hata kwamba kinawajua ninyi kwa jina.

Ndiyo maana siwezi kukuacha uende hivi.

Sikwambii usionje. Ndiyo kazi yako, na yule mama mwenye kucha za udongo nimemwona. Nimefikiri sana juu yake. Watu wake wanafanya pombe kwa kuogopa: wanaogopa baridi, wanaogopa mvua ya mawe, wanaogopa kuchuma mapema, wanaogopa kuchelewa, na kutokana na hofu hiyo yote wanatoa kitu chepesi chenye harufu ya jiwe. Mimi nilifanya pombe bila kuogopa chochote. Siwezi kulisema vizuri zaidi ya hapo. Ukiwa huko chini kwenye mapipa, na kazi imechelewa, na watu wameshaahidiwa, utakuja kuona mtu anayetafuta njia ya mkato. Huenda akawa mtu mcheshi, anayependwa, mwenye hadithi. Huenda akakukumbusha mimi. Toka hapo.

Nimebakisha jambo moja.

Ile chupa ndogo ya divai ya Mosel ambayo mwalimu wako wa Kijerumani alikupa ulipopasi mtihani, umeiweka kabatini, na leo asubuhi ukiwa mlangoni umesema, "Jioni tutaifungua, Baba Mdogo. Wewe ndiye mwenye nyumba, utaonja wa kwanza." Ulisema kwa mzaha, umeshika mwavuli, ukaenda. Hukuona kwamba nilikaa chini. Tangu Mayoni sijatia pombe mdomoni, hata ya harusi, hata ya dawa. Kanisani kikombe kikipita huwa nagusisha mdomo tu. Wewe unadhani ni wokovu. Ni woga.

Na kwa nini nimechagua mchana huu? Kwa sababu jioni, mbele yako, najijua. Ningesimama na kikombe, ungecheka, na ningeanza chatu.

Kwa hivyo nimeshaifungua, hakuna mtu, kuku tu wanaokwaruza mlango. Nimemimina vidole viwili kwenye kikombe cha bati. Rangi yake kama majani makavu ya mahindi yakimulikwa na jua. Nimekinusa muda mrefu. Halafu nimeonja. Nilitaka kutema kama yule mama, ndoo nilikuwa nimeiweka miguuni, lakini kwetu anayeonja kwa ajili ya wengine hatemi, kwa hiyo nimemeza.

Ni chachu. Inakushika pembeni mwa ulimi kama tunda la kuiba, kabla ya msimu. Halafu inatulia, na kweli kabisa, pale nyuma kuna lile jiwe la mlangoni.

Hayo yalitokea ukurasa mzima uliopita. Nimeandika huku nikingoja kama macho yangu yatazimika. Najua ni ujinga, najua chupa ilikuwa na muhuri na imetoka kwa watu waangalifu, lakini mwili wangu haujui hivyo, na kila mstari nauangalia kama bado una wino. Chako nimekimimina kwenye glasi ile ya maua, nimekifunika na sahani. Barua nitaiweka juu ya sahani. Ukimaliza kusoma, ukitaka kunywa na mimi, kunywa. Ukitaka kumwaga, mwaga, sitauliza. Ukitaka kesho ubebe begi lako mwenyewe mpaka steji bila kunipa mkono, nitakufuata nyuma hatua kumi, na nitanyamaza, jambo ambalo hakuna mtu Navakholo ataliamini.

Wingu limeanza kunguruma upande wa msitu. Naona koti lako zito kwenye msumari. Naona jiwe la mlangoni linaanza kupata matone. Naona njia yote mpaka kwenye mgomba wa mwisho, na sasa kuna mwavuli wa buluu unashuka, hauendi haraka, na ngurumo imepiga tena na mwavuli umesimama kidogo, halafu umeendelea.

Bado naona. Ni wewe.

Baba yako mdogo,
Makokha